Dokta, tununue mashine ya umeme ya kumuamsha kaka?

Dada aliyeuliza kaandika kirefu, nimefupisha hivi:

"Shikamoo dokta. Kaka yangu ana miaka 31, alipata ajali ya bodaboda miezi tisa iliyopita, wakampasua kichwa wakatoa damu iliyovilia, akakaa ICU wiki tano, sasa tunaye nyumbani Shinyanga. Macho anafungua, anapiga miayo, analala na kuamka, lakini hazungumzi wala hajibu kitu, chakula ni kwa mpira wa puani. Mtoto wa shangazi yetu yuko Ubelgiji anasema huko watu kama hawa wanawekewa umeme kichwani wanaamka, na mashine kaiona inauzwa mtandaoni anaweza kututumia. Baba anataka kuuza kiwanja tununue hiyo mashine au tumpeleke India. Mama anasema akimwimbia kaka anamfuata kwa macho, ila sisi wengine tunaona ni uchungu wa mama tu. Tufanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Miezi tisa ya kumgeuza mgonjwa usiku na mchana, kumlisha kwa bomba la sindano na kufua mashuka kila siku ni kazi ambayo asiyeifanya haijui. Umesema hana kidonda hata kimoja mgongoni, basi hapo peke yake mmeshafanya kitu ambacho wodi nyingi zinashindwa.

Nikujibu kwanza ulichouliza. Mashine msinunue kwa sasa, na kiwanja baba asiuze kwa sasa. Sio kwamba huyo ndugu yenu wa Ubelgiji kadanganya, hapana, umeme wa ubongo upo, unafanyiwa utafiti wa kweli, na Ubelgiji hasa mji wa Liège ndo moja ya sehemu zilizoufanyia kazi sana duniani. Ila umeme haumsaidii kila mtu aliyelala macho wazi, unasaidia baadhi, na hao baadhi wana alama yao, na alama hiyo kwa jinsi ulivyoandika inawezekana mama yenu ameshaiona siku nyingi na nyie mnamwambia anaota. Kwa hiyo mimi ningeanza na mama kabla ya mashine.

Ngoja nieleze. Mtu akiumia kichwa vibaya anaingia koma, macho yamefumba, humwamshi kwa lolote. Koma ya kweli haikai sana, kwa kawaida ndani ya wiki chache anayeishi anafungua macho. Shida inaanzia hapo, maana familia ikiona macho yamefunguka inadhani mtu karudi, kumbe kufungua macho ni kazi ya shina la ubongo huku chini, na kujua kwamba wewe ni dada yake ni kazi ya huko juu. Wapo wanaobaki macho wazi bila fahamu, wanalala, wanaamka, wanapiga miayo, wanasaga meno, hata machozi yanatoka, lakini hakuna kinachoonyesha anajua kilichopo mbele yake. Na wapo wa kundi la pili ambao wana fahamu hafifu, inakuja na kukatika, asubuhi yupo mchana hayupo, anafuata kitu kwa macho, au anashika kidole chako ukimwambia, mara moja tu halafu siku tatu kimya. Kundi hili lilipewa jina na vigezo vyake rasmi mwaka 2002 tu, yani sio zamani. Ukiwatazama toka mlangoni makundi haya mawili yanafanana kabisa. Kwenye matokeo hayafanani hata kidogo, wenye fahamu hafifu wanapona zaidi, na ndo hao hao ambao umeme umeonekana kuwasogeza. (Hili la tatu watu wanalichanganya: aliyekufa ubongo hapumui mwenyewe, yupo kwenye mashine ya kupumulia, kaka yenu sio huyo, na mtu akiwaambia "ubongo umeshakufa" kwa mgonjwa anayepumua mwenyewe na kupiga miayo basi hajui anachosema au kachagua neno vibaya.)

Sasa kosa la kuchanganya hayo makundi mawili sio la Tanzania peke yake, na nataka mzee alisikie hili. Mwaka 2009 huko huko Ubelgiji walichukua wagonjwa 44 ambao timu nzima ya wodi, madaktari na manesi, ilikubaliana kwamba hawana fahamu, wakawapima upya kwa utaratibu maalumu wa kitandani unaoitwa CRS-R, wakakuta 18 kati yao wana fahamu hafifu. Asilimia 41 hao. Hospitali za Ulaya, zenye kila mashine, na kosa lilikuwa hilo, na hawakuligundua kwa MRI (mashine ya kupiga picha ndani ya ubongo), waligundua kwa kukaa na mgonjwa na kumpima kwa mpangilio. Na kifaa kimoja muhimu sana kwenye hicho kipimo ni kioo, kile cha kujitazamia cha kushika mkononi mnachonunua sokoni.

Kioo kinafanya kazi hivi. Mgonjwa unamkalisha, au unainua kichwa cha kitanda, mwanga uwepo, redio na TV vizimwe. Unakishika kioo mbele ya uso wake kama sentimita 10 hadi 15 ajione mwenyewe, unasubiri, halafu unakisogeza polepole sana kulia, unarudi, kushoto, unarudi, juu, chini, na kila upande unarudia mara mbili. Wewe hutazami kioo, unatazama mboni. Kama macho yanakifuata bila kukipoteza, nyuzi 45 toka katikati, na ikatokea zaidi ya mara moja, hiyo sio bahati. Watafiti wa Liège walilinganisha kioo na kitu kinachosogezwa na mtu anayetembea mbele ya mgonjwa, wakakuta kuna wagonjwa wanaofuata kioo tu, kwa sababu uso wa mtu mwenyewe unamvuta kuliko kalamu ya daktari.

Niliwahi kuitwa kumwona kijana mmoja, jina na sehemu naviacha, karatasi za kuruhusiwa zimeandikwa hana fahamu na hakuna matumaini. Dada yake ananishikia tochi ya simu, mimi nimeshika kioo cha kinyozi walichoazima jirani. Mara ya kwanza hamna kitu, macho yapo tu yanatazama bati. Mara ya pili hamna. Nikamwambia dada amfute uso kwa kitambaa cha maji baridi, tukamkalisha vizuri na mito miwili, tukasubiri kama dakika tano tumekaa kimya. Nikarudisha kioo. Nilipoanza kukivuta kushoto mboni zikashtuka kidogo, zikakaa, zikaanza kuja, zinakwama zinakwama kama mtu anayesukuma gari, lakini zinakuja, zikafika mpaka mwisho, nikarudisha kulia zikarudi. Dada yake alikiacha kitambaa kikaanguka. Nilichokuja kugundua baadae ni kwamba yule kijana alikua bado anapewa dawa ya usingizi ya kuzuia degedege kwa dozi ile ile aliyotoka nayo ICU, hakuna aliyekumbuka kuipunguza, na kila alipopimwa wodini alipimwa saa mbili asubuhi nusu saa baada ya kumezeshwa.

Ndo maana nasema mama asikilizwe. Anayekaa na mgonjwa saa 18 kwa siku anaona vitu ambavyo daktari wa dakika tano hawezi kuona. Ni kweli mama anaweza pia kuona kisichokuwepo, upendo unafanya hivyo, na mgonjwa asiye na fahamu anaweza kugeuza kichwa kwa sauti kubwa bila kujua ni sauti ya nani. Kwa hiyo msibishane naye, pimeni. Na kuna jambo uliligusia juu juu, kwamba mama anamwimbia Kisukuma, na nyie mkiongea naye mnaongea Kiswahili, na daktari aliyempima aliongea Kiswahili cha hospitali. Kaka kakua na lugha gani nyumbani? Kama ni Kisukuma basi apimwe kwa Kisukuma. Ubongo ulioumia hauna nguvu za ziada, na jina lake lile la utotoni kwa sauti ya mama linaweza kufika mahali ambapo "inua mkono wako wa kulia" haifiki.

Fanyeni hivi kwa wiki mbili. Chagueni siku tano, masaa tofauti tofauti, sio mara baada ya kumlisha wala baada ya dawa. Kwanza kaeni kimya dakika moja mmtazame tu, muone anafanya nini mwenyewe bila kuambiwa, maana kama kidole chake huwa kinacheza chenyewe kila wakati basi kidole hicho hakiwezi kuwa ushahidi. Halafu mama ampe agizo moja la kitu anachoweza, "tazama kikombe" au "sogeza dole gumba", sio "funga macho" kwa sababu kila mtu anapepesa. Anasema mara moja, mnasubiri sekunde 10 kwa kuhesabu, mnaandika ndiyo au hapana, anarudia mpaka mara nne. Akipata tatu kati ya nne na siku nyingine tena akapata, hapo tunaongea lugha nyingine. Kisha kioo. Andikeni kila kitu kwenye daftari, tarehe na saa, pamoja na siku ambazo hamna kilichotokea, msifiche hizo. Mkipata daktari au mtu wa mazoezi tiba mwenye moyo, mwambieni kuna kipimo kingine kifupi kinaitwa SECONDs, kilitoka Liège mwaka 2020, kinachukua kama dakika 7 badala ya robo saa na zaidi ya kile kirefu.

Na hata akishindwa yote haya, bado sio hukumu. Mwaka 2006 kule Cambridge, Uingereza, mwanamke wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari, hajibu kitu kabisa, aliwekwa kwenye mashine ya MRI akaambiwa awaze anacheza tenisi, sehemu za ubongo zinazopanga mwendo zikawaka sawasawa na za mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 ikatoka kazi kubwa ya vituo sita, wagonjwa 241 ambao kitandani hawakuonyesha kufuata agizo lolote, 60 kati yao, yani mmoja kati ya wanne, ubongo ulikua unafuata agizo kwenye MRI au EEG (nyaya za juu ya kichwa zinazosoma umeme wa ubongo) huku mwili umekaa kimya. Kwa hiyo nawaomba, msizungumze habari za kuuza kiwanja, wala za mazishi, mkiwa mmemsimamia kichwani pake.

Turudi kwenye umeme wenyewe, maana ndo uliouliza.

Anaousema ndugu yenu nadhani ni tDCS. Hii sio ile shoti ya umeme ya hospitali za akili, ile inaleta degedege makusudi mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, hii ni kitu kingine kabisa. Ni sponji mbili zimelowekwa maji ya chumvi ya dripu, moja inakaa juu ya paji upande wa kushoto kwa nyuma kidogo, nyingine juu ya jicho la kulia, zinafungwa na mkanda wa mpira, kifaa kina betri na kinapitisha miliampia 2 kwa dakika 20. Miliampia 2 ni ndogo mno, kale kataa ka LED ka kuonyesha redio imewaka kanatumia kama 20. Mgonjwa mwenye fahamu zake anakwambia anahisi kama sisimizi wanatembea, basi. Umeme huo hauwashi seli za ubongo, unazisogeza tu karibu na kuwaka, ili kichocheo kidogo kinachokuja chenyewe kikute mlango upo nusu wazi.

Timu ya Liège waliijaribu kwa wagonjwa 55 wakatoa matokeo mwaka 2014. Kila mgonjwa alipata umeme wa kweli siku moja na umeme wa bandia siku nyingine, ule wa bandia unawashwa sekunde chache unazimwa, anayempima hajui ipi ni ipi. Wenye fahamu hafifu walikua 30, na 13 wakaonyesha kitu baada ya umeme wa kweli ambacho hawakukionyesha kabla, mwingine kafuata agizo, mwingine kafuata kitu kwa macho. Wasio na fahamu walikua 25, wakaitikia wawili tu. Na kilichopatikana kwa kipindi kimoja hakikukaa, saa moja na nusu hivi kinaondoka. Wakajaribu siku tano mfululizo, ikakaa mpaka wiki kwa baadhi. Baadae wakafanya jaribio la vituo vingi, wagonjwa 62, wiki nne, na hapo ukiwajumlisha wote hakukua na tofauti na umeme wa bandia, tofauti ilionekana miezi mitatu baadae kwa wale wenye fahamu hafifu na wale walioumia kwa ajali. Hiyo ndo hali halisi, sitaki kuipaka rangi. Mimi naiamini tDCS kama msaada wa pembeni kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri na anayefanyiwa mazoezi, siiamini kama kitu cha kununua na kumfunga mtu ukisubiri aamke.

Ile nyingine inayotangazwa sana kwenye video ni ya kuzamisha nyaya ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka 2007 ilitoka habari ya mwanaume wa miaka 38 Marekani, alipigwa vibaya, miaka 6 yupo na fahamu hafifu, wakamwekea nyaya pande zote mbili kwenye thalamasi, ambayo ni kama stesheni kuu ya ubongo, na betri chini ya ngozi. Akaweza kutaja vitu kwa majina, kushika kikombe kukipeleka mdomoni, na kutafuna chakula baada ya miaka yote ya mpira. Wakawa wanazima na kuwasha kwa siri mwezi mmoja mmoja, na ikiwashwa anakua vizuri zaidi. Mimi nikisoma ile ripoti kinachonikamata mpaka leo ni kile cha kutafuna, nafikiri kwa sababu nimeona mama wangapi wanasaga uji mwembamba upite kwenye mpira. Lakini ni upasuaji wa ubongo, ni mtu mmoja aliyechaguliwa kwa makini, na kabla ya nyaya alikua tayari anajibu kidogo kidogo kwa macho. Sio tiba ya kawaida popote mpaka sasa, na hospitali ikikuambia "tunaifanya kila wiki, leteni hela" kimbieni.

Lyon, Ufaransa, mwaka 2017 waliwasha mshipa wa fahamu wa vagasi shingoni kwa mtu wa miaka 35 aliyekaa miaka 15 bila fahamu, baada ya mwezi akaanza kufuata vitu kwa macho na kugeuza kichwa akiambiwa. Mmoja huyo. Na China wao waliwasha umeme mkononi, kwenye mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono wa kulia, wagonjwa 329 waliokua bado kwenye koma ya ajali, na baada ya miezi sita waliorudiwa na fahamu walikua asilimia 72.5 kwa waliowekewa na 56.8 kwa wasiowekewa. Hiyo ni nzuri na ni ya bei rahisi, ila ilikua kwa majeruhi wapya, kaka yenu keshapita hapo.

Kwanini wengine wanaitikia wengine hawaitikii? Fikiria nyumba yenye umeme mdogo, ile jioni taa inawaka nyekundu, friji inanguruma haizungushi. Nyaya zipo, soketi zipo, nguvu ndo haifiki. Ukipandisha kidogo taa inawaka. Lakini kama moto ulipita ukaunguza nyaya zote za ukutani, pandisha unavyotaka. Wale wa Liège walirudi wakaangalia picha za ubongo za walioitikia, wakakuta sehemu ya mbele kushoto na thalamasi zimebaki na uhai, na kwa wasioitikia hazikubaki. Ajali mara nyingi inaacha nyaya kadhaa zima, mtu aliyekosa hewa muda mrefu kama aliyezama au moyo ulisimama, huyo anaunguza eneo kubwa zaidi. Kaka ni wa ajali na ana miaka 31, hiyo ipo upande wenu.

Sasa sababu zangu za kukataa mashine ya mtandaoni. Kaka alipasuliwa kichwa, je mfupa walirudisha? Kama kuna shimo, umeme haupiti kama vitabu vinavyosema, unapita mkato pale pasipo na mfupa na kujikusanya hapo, na kama kuna bati la chuma ni hesabu nyingine. Je anapata degedege? Je walimwekea mrija wa kutoa maji kichwani? Vifaa vingi vya kuuza mtandaoni ni vya watu wazima wenye afya wanaotaka kucheza gemu vizuri, hakuna aliyevipima kwa mtu asiyeweza kusema "dada panaungua". Nimeona paji la uso la mgonjwa lina vidonda viwili vya mviringo vya kuungua, familia ilifunga sponji zikakauka, wakaongeza nguvu kwa sababu hawakuona kinachotokea. Hawakua watu wabaya, walikua watu kama nyie, wanaompenda. Na hata mashine ingekua salama, nani atajua imefanya kazi kama hamna daftari la kabla?

Hela kidogo mliyonayo ningeielekeza hapa kwanza. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya kanda, kwenu ni Bugando pale Mwanza, na msiseme "tumekuja kwa ajili ya umeme", semeni tunataka kujua kama kuna kinachomzuia. Siti skani irudiwe, kwa sababu aliyeumia kichwa maji yanaweza kujaa polepole kwenye ubongo miezi baadae, na yakitolewa kwa mrija mtu anabadilika. Shimo la mfupa likiwepo muulizeni daktari wa upasuaji habari ya kulifunga, kuna wagonjwa wanaamka zaidi baada ya mfupa kurudi. EEG, kwa sababu kuna kifafa cha kimyakimya, mwili hautikisiki ila ubongo upo kwenye degedege. Masikio yaangaliwe, ajali inavunja mfupa wa sikio na mtu akawa haitikii kwa sababu hasikii! Na mfuko mzima wa dawa umwageni mezani mbele ya daktari, fenobabito, diazepamu, dawa za kulegeza misuli, aulizwe moja moja kama bado inahitajika na kwa dozi hiyo. Msiikate nyie wenyewe nyumbani, dawa ya degedege ikikatwa ghafla inaleta degedege ya kuua.

Pia muulizeni kuhusu amantadini. Ni kidonge, dawa ya zamani ya Pakinsoni (ule ugonjwa wa kutetemeka), na kwenye hii shida ndo ina ushahidi mzito kuliko umeme wote niliokueleza. Mwaka 2012 wagonjwa 184 wa ajali walipewa kwa wiki nne, nusu hivi yao kidonge bandia, waliopewa dawa walipona kwa kasi zaidi wakati wanaitumia. Walikua wiki ya 4 mpaka ya 16 toka waumie, kaka amepita huo muda kwa hiyo daktari atapima mwenyewe, pamoja na figo na habari ya degedege. Mtasikia na zolpidemu, kidonge cha usingizi ambacho Afrika Kusini mwaka 2000 waliripoti kinawaamsha watu kwa masaa, ni kweli inatokea ila walipojaribu kwa wagonjwa 84 waliitikia wanne. Kila moja iamuliwe na daktari anayemwona, sio mimi wa kwenye maandishi.

India sikatai moja kwa moja. Ila kabla hata ya pasipoti muwaandikie hiyo hospitali maswali: mtamfanyia nini hasa, mtampima kwa kipimo gani kabla na baada, wangapi kama yeye mmewafanyia na wangapi hawakubadilika. Wakijibu kwa picha za wagonjwa wanaotabasamu bila namba, kiwanja kibaki. Hela hiyo hiyo inaweza kumlipa mtu wa mazoezi tiba aje mara tatu kwa wiki, kununua kiti cha kumkalisha wima, kulipia mtu wa kumpokea mama usiku alale. Kukaa wima peke yake kunaongeza kuamka, sijawahi kuelewa kwanini tunawapima watu wakiwa wamelala chali.

Ukimaliza wiki mbili niandikie nini daftari limesema, na kama inawezekana rekodi video mama akiimba, simu ikae miguuni pa kitanda ionyeshe macho ya kaka. Ila siku moja mwambie mama akae upande ule mwingine, ule ambao huwa hakai, aanze kuimba kabla hajaonekana, tuone macho yanaenda wapi.